Diskasi Upande wa Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Naanza na hilo ili tumalizane nalo. Leo kiwandani nimeshona kola kwa macho ya usingizi, bosi akanirudishia fungu zima nifumue. Nimefika nyumbani, Mzee yuko pale pale nilipomwacha asubuhi, kwenye kiti chake cha magurudumu, uso umegeukia kulia, anatazama ukuta.

Tangu apigwe na kiharusi, upande wa kushoto kwake haupo kabisa. Nikimpakulia anakula nusu ya sahani, ile ya kulia. Nusu nyingine anaiacha kama ya mgeni. Na kimya. Mume wangu huyu, aliyekuwa akibishana hata na redio! Sasa hata "mmh" hasemi.

Binti wa mazoezi alikuja kumnyoosha viungo. Anasema ubongo unahitaji sababu ya kugeukia kushoto. Kitu kinachotembea, chenye rangi. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kufuga samaki. Nilicheka mpaka akaona aibu, masikini. Samaki mimi nawajua wa kikaangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda duka la samaki wa kufuga, mimi nasukuma, yeye amekaa. Nilishawachagua moyoni wale wadogo wadogo, wa bei nyepesi, wasio na makuu. Mzee akaganda mbele ya tangi moja. Samaki bapa, mviringo, wakubwa kama kisosi, rangi ya chungwa na michirizi ya buluu. Wanaitwa diskasi. Wanatembea taratibu kama mabibi harusi wanaoogopa kukanyaga nguo.

Nikasukuma kiti. Akashusha mguu wake mzima, wa kulia, chini — breki! Nikasukuma tena. Breki. Watu wanatutazama.

Muuza samaki akaniambia, mama, hawa si wa kuanzia, hawa wana maringo. Wanataka maji ya vuguvugu muda wote, safi, ya kubadilishwa kila mara. Na ukitaka mimea, chagua inayovumilia joto, mingine inaoza. Tena samaki hawaingii siku hiyo hiyo. Tangi likae kwanza na mimea na chujio, maji yakomae. Maji yakomae! Mimi nilijua yanayokomaa ni maembe.

Nimekubali. Sijui nimekubali nini.

Jumatano, 12 Machi

Tangi limekuja. Limewatoa jasho wabebaji wawili. Tumeliweka kushoto kwa Mzee. Mchanga, gogo, mimea ya majani mapana, hita, chujio linalokoroma kama shangazi yangu. Nilichukua na ule mmea wa majani membamba mekundu, ambao muuza samaki aliniambia niachane nao. Ulikuwa mzuri, basi tu.

Wifi, dada yake Mzee, anayeshinda naye nikiwa kazini, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Wifi, umeleta dimbwi sebuleni?" Nikamwambia karibu uoge.

Binti wa mazoezi naye ana sheria mpya. Mkono wa kulia ufanye kila unachoweza. Kijiko ashike mwenyewe, achane nywele mwenyewe, vile vidonge vya waridi vya presha ajitilie mdomoni mwenyewe. "Usimfanyie, mama. Ukimfanyia kila kitu atajiona mzigo." Haya. Kwa hiyo asubuhi namwekea vidonge kiganjani, glasi pembeni, nakimbilia kufunga viatu. Kusema kweli imenipunguzia kazi moja.

Jumapili, 6 Aprili

Wameingia leo. Sita. Muuza samaki anasema diskasi hawapendi upweke, ukiwaweka wachache wanaoneana. Walijificha nyuma ya gogo, wote, kama watoto waliosikia baba anarudi.

Kisha mmoja akatoka. Akapita mbele ya kioo.

Mzee akageuka. Kushoto! Shingo, macho, mpaka bega. Nilikuwa na sufuria mkononi, nimeiangusha.

Ijumaa, 11 Aprili

Mgongo. Ndoo za maji kutoka bafuni, pipa la kulaza maji ili dawa inayotiwa maji ya bomba iishe nguvu, kisha kuyapasha moto, kisha kumwaga ya zamani, kisha kujaza. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Na kola zinanisubiri.

Jioni nimetoa mafuta kwenye moyo wa ng'ombe, nimeusaga, nimeugandisha vipande vipande. Chakula cha samaki hicho! Wifi kachungulia jikoni, kafunika mdomo. Samaki wanakula nyama, sisi maharage siku ya tatu. Anataka kujua kama naye akiingia tangini atapewa.

Lakini Mzee anawalisha mwenyewe. Mkono wa kulia unavuka mpaka kushoto, unaachia. Na leo amemaliza sahani yote, pande zote mbili. Kwa hiyo ndoo nitabeba. Nitabeba hadi nipinde.

Alhamisi, 24 Aprili

Mmoja amekuwa mweusi. Si mweusi hasa, kama aliyepakwa moshi. Amejibana kwenye kona ya kushoto kabisa, hali chakula. Ule mmea wangu mwekundu umeoza, umekuwa utelezi mtupu. Nimempigia muuza samaki, hakunisema. Laiti angenisema. Amesema nitoe majani mabovu yote, nibadilishe maji kila siku sasa, niongeze joto kidogo.

Kila siku!

Mzee hamwachii macho yule mgonjwa. Asubuhi mpaka jioni shingo iko kule. Binti wa mazoezi amefurahi, anasema hayo ndiyo mazoezi. Mimi sikufurahi. Naujua uso wake, ana wasiwasi.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimesema neno. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, ndoo imemwagika, nguo imelowa chapachapa, nikasema kwa sauti kwamba hawa samaki nawarudisha dukani, sina mgongo wa kuuguza nyumba nzima.

Nikamtazama. Amefumba macho. Chozi likashuka hadi kidevuni, hakulifuta.

Nimemwomba radhi. Sijui kama amesikia. Sijawarudisha. Lakini nimechoka, Mungu wangu, nimechoka mpaka kwenye nywele.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika juu ya goti, hapa hapa kando ya tangi, nikisubiri ndoo ijae. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi nilimpa vidonge kiganjani kama kawaida. Kwa kuwa leo siendi kazini, nikaingiza mkono tangini kutoa mabaki ya ule mmea ulioganda nyuma ya gogo. Nikagusa kitu laini kama chaki iliyolowa. Nikakitoa. Cha waridi, kimeliwa nusu na maji. Nikapapasa tena. Kingine. Na kingine. Chini ya gogo mchanga mzima umekuwa uji wa waridi.

Nikageuka. Mzee mkono uko hewani, juu ya maji, vidonge vya leo vimebanwa kwenye vidole. Analenga ile kona. Analenga yule mweusi.

Jamani. Anamtibu! Mgonjwa mwenzake anamgawia dawa.

Tangu lini? Nikavinyang'anya. Nikavuta mashine ya presha. Namba zilizotoka ni zile nesi wa kliniki aliniambia nikiziona nisikae. Nikampigia. Akasema mpe dawa sasa hivi, mlete sasa hivi. Wifi akatoka mbio kutafuta gari, kiatu kimoja mguuni.

Nikamvalisha shati. Nikafungua breki ya kiti. Akashika ukingo wa meza ya tangi kwa mkono mzima, akang'ang'ania. Nikamwambia twende, Mzee, tafadhali, utaniulia moyo. Nikajaribu kumbandua kidole kimoja kimoja. Ana nguvu kumbe! Basi nikawa navuta huku nalia, meza inalia, maji yanayumba.

Ndipo akasema.

"Hawa. Kwanza."

Sauti nzito, imekwaruza, lakini yake. Nimekaa chini sakafuni. Miezi yote nimeisubiri sauti hii. Nilishajiandalia neno la kwanza litakuwa jina langu, hata tusi ningelipokea kwa mikono miwili. Limekwenda kwa samaki! Nimeona wivu, naandika bila haya, nimemwonea wivu samaki. Na nimefurahi. Na naogopa. Yote kwa pamoja.

Nikaleta vidonge vipya na maji. Kafunga mdomo. Nikabembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Kafunga, anatazama kona. Yule mweusi amelala ubavu kidogo, matamvua yanapumua haraka haraka.

Nikamwambia sawa. Tukubaliane kama watu wazima. Haya maji yenye dawa nayatoa, nawawekea safi. Ndoo moja ikijaa, unameza, tunaondoka. Akanitazama usoni. Nikaona amekubali. Au nilitaka kuona hivyo.

Mpira unanyonya, maji ya waridi yanashuka. Mishipa ya shingo yake imemtoka. Nje honi, wifi ananiita kwa jina la kila ukoo. Namwambia nakuja! Nakuja!

Ndoo imejaa. Nimemnyooshea kiganja, vidonge viko hapa.

Anatikisa kichwa. Ameachia meza, kwa mkono huo huo anaisogeza ndoo ya pili kwangu.