Samaki wa Plastiki wa Mama Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Jaribio limefana. Asubuhi niliwatumia wafanyakazi wote barua pepe ya uongo — ratiba mpya ya likizo, bonyeza hapa, weka nywila yako. Ndiyo kazi yangu: kulinda akaunti za watu na mafaili ya kampuni yaliyoko mtandaoni. Wa kwanza kunasa ni Mama Stoo, anayetunza stoo yetu ya dawa. Basi samaki kahamia kwake. Ni wa plastiki, mwekundu, mdomo wazi, nilimnunua mwenyewe. Hukaa mezani kwa aliyekula chambo mpaka jaribio lijalo. Ofisi nzima ilicheka. Mama Stoo naye alicheka, halafu akamfunika kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Nikamfunua. Sheria ni sheria!

Jumatano, 6 Machi

Shwari. Mke wangu kauliza kama kampuni inanilipa kwa kuwacheka watu. Nikamwambia aibu ni mwalimu mzuri. Akasema mkuki kwa nguruwe mtamu. Hakumalizia, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Stoo kanisimamisha kwenye ngazi, nami nawahi kikao. Jana simu yake ilimuuliza kama ni yeye anayeingia kwenye akaunti yake ya kazi. Akakataa. Ikauliza tena, na tena. Alikuwa kliniki na mjukuu mwenye homa, mwisho akabonyeza ndiyo ili inyamaze. Je, kuna ubaya? Madereva wawili walikuwa wanapita, na mimi nikiona wasikilizaji sijiwezi. Nikamwambia, "Mama, umekula chambo kingine? Safari hii tutakununulia na kikaango." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilikusudia kuikagua akaunti yake baada ya kikao. Kikao kikarefuka. Nikasahau.

Jumatatu, 11 Machi

Wameingia.

Walipitia akaunti ya Mama Stoo, wakapanda hadi akaunti kubwa inayoendesha mfumo mzima, wakafuta nakala za akiba na kufunga mafaili yote ya oda. Zahanati zinapiga simu kuulizia insulini, na hatujui nani alipaswa kupelekewa nini. Nimebadilisha nywila zote, nimemtoa kila aliyekuwa ndani. Kumbukumbu za mfumo hazifichi kitu — Jumatano walipata mlango, Alhamisi walikuwa bado wanapapasa tu. Ningeifunga akaunti moja ile Alhamisi, yasingetokea haya. Kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Meneja kauliza kwa nini mwenye akaunti hakuripoti. Mtu akasema huyo ndiye yule wa samaki, kwani angeripoti nini. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nikajitia hamnazo. Nikasema nitachunguza. Nichunguze nini, ngazi?

Jumanne, 12 Machi

Barua ya kumwita Mama Stoo kikaoni imetoka. Wanataka kumfukuza. Nimemweleza mke wangu yote. Hakunisuta, na hilo ndilo limeniuma. Kauliza tu nani anamlea yule mjukuu. Nikasema ni yeye mwenyewe, kwa kazi hiyo hiyo.

Naona aibu hata kujitazama nikinyoa ndevu. Kesho nasema. Kabla hajaulizwa chochote.

Jumatano, 13 Machi

Sikusema.

Meneja katoka kupokea simu, nasi tumeambiwa tusubiri nje. Naandikia goti. Kikao kilianza, nikajiambia ngoja meneja amalize sentensi hii, ngoja amalize na hii. Akamuuliza Mama Stoo: simu iliposumbua, ulimwambia nani? Natamani ardhi ingepasuka pale pale. Mama akanitazama. Si kwa hasira. Kama mzazi anayemtazama mtoto aliyevunja sahani, anangoja aseme mwenyewe.

Akajibu, "Nilimwambia mtu. Atajitaja."

Meneja akatutazama mmoja mmoja. Ndipo simu yake ikalia.

Sasa Mama Stoo amekaa nami benchi moja, mkoba mapajani. Zipu haikufungika vizuri. Mdomo mwekundu unachungulia — amekuja naye mpaka huku! Nimemwuliza kwa nini. Kasema niliagiza mwenyewe akae kwake mpaka jaribio lijalo.

Nimeomba nimbebee mimi. Akauvuta mkoba karibu. "Bado ni wangu, mwanangu."

Meneja amerudi. Ameshika mlango, anatuita, na Mama Stoo hasimami. Ananingoja mimi nitangulie. Nafunga daftari, nasimama.