Nimemwambia Daktari Kuhusu Kichwa Chako

Mwaitu, mama yangu mpenzi,

Huko uliko najua hakuna maumivu, lakini habari hii uipate kwangu kabla kaka Kyalo hajakufikishia kwa yale maombi yake marefu.

Unakumbuka Jumamosi zetu pale Noonkopir? Uliketi kwenye kigoda, mimi nyuma yako na kitana, mlango tumeufunga. Hukukubali mtu mwingine akusuke. Magamba meupe yalitanda hadi nyuma ya masikio, nami nikiyapaka mafuta polepole usiumie.

"Ni mba tu," ulisema. "Na usiambie mtu, watasema niko na uchafu."

Niliapa. Nilizipenda siku hizo, Mama, maana ulikuwa wangu peke yangu.

Kisha vidole vyako vikaanza kupinda. Kila kliniki walikwambia ni gauti, uache nyama. Ulicheka hadi machozi: "Nyama gani? Mimi naionanga Krismasi!" Ukameza dawa zao, na vidole vikazidi kupinda hadi mwiko ukakushinda.

Mwaka huu kidole changu kimoja kimevimba chote, toka shina hadi ncha, kama soseji. Niliogopa, sitakuficha. Niliona mikono yako. Kyalo akanipeleka Kajiado kwa daktari wa viungo. Akazitazama kucha zangu, zina vishimo kana kwamba zimedungwa sindano. Damu haikuonyesha gauti wala baridi yabisi ya kawaida. Akasema ugonjwa anaoushuku hauna kipimo kimoja cha kuutambua. Huwa anajumlisha dalili, na ukoo pia unahesabiwa.

"Kwenu kuna mtu ngozi yake ilikuwa inatoka magamba? Mzazi ama ndugu?"

"Kwetu hakuna," Kyalo akajibu, kifua mbele.

Niliona aibu kwa niaba yako. Halafu nikakitazama kidole changu.

"Mama alikuwa nayo," nikasema. "Kichwani. Mimi ndiye nilikuwa namsuka."

Kyalo alinigeukia kama mtu aliyemwagiwa maji. Daktari akaandika: baridi yabisi ya soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kutoka magamba. Kumbe ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja. Nimeanza dawa mapema, na anasema huenda vidole vyangu visipinde.

Siku hizi nalia nikipika, Mwaitu. Si kwa ahadi niliyoivunja. Najua umenisamehe kabla sijamaliza kusema. Nalia kwa sababu ulizunguka kliniki zote zile ukinyoosha mikono, na hakuna hata mmoja aliyekuomba ufungue kitambaa cha kichwa.

Pumzika, mama.

Mimi, kitinda mimba wako