Karatasi Uliyoibandika Mashineni

Baba Lydia,

Uji wa ulezi upo kwenye chupa. ~~Mchana jipikie mwenyewe.~~ Maharage yapo jikoni, usiyaache yaungue. Nimekimbilia shuleni.

Ile karatasi yenye mraba wa vidotidoti uliyoitoa kabatini siyo ya wateja kulipia kwa simu! Ni yangu. Nikiingia kwenye mfumo wa matokeo ya wanafunzi, baada ya neno la siri naulizwa namba sita zinazobadilika kila mara. Simu yangu inazitoa kwa sababu niliskani mraba ule. Mwingine akiuskani, naye anazipata, na akilijua neno la siri anaweza kumbadilishia mwanawe alama!

Asubuhi napita mashineni kwako kuchukua unga, wewe umetoka, naikuta ukutani, umeigandisha kwa ugali! Mzee Masunga akanionyesha simu yake: "Mwalimu, nimeskani, zinakuja namba tu, tena hazitulii. Nilipe ipi?" Nikatoa yangu. Zilikuwa zilezile. Baba Lydia, nilikaa juu ya gunia la mtu.

Nimeibandua, lakini nani mwingine ameskani tangu jana? Naenda kumwomba mtu wa kompyuta aufute mraba huo, nianze upya. Leo wateja walipe taslimu.

Na usicheke. Kilichobaki kutulinda ni neno la siri, na neno lenyewe ni jina lako, hilohilo ulilolipaka rangi nyekundu juu ya mlango wa mashine.

Mama Lydia