Bati Nililolinyoosha

Mwanangu Zuhura,

Najua ungekuwa hapa ungeanza na shikamoo, basi natanguliza marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako goti limepoa. Tangu mvua zikatike anapanda mwenyewe mlimani kwa bibi yako na kurudi na kabichi ambazo hatuna wa kuzila. Mimi nipo kibandani palepale Mwembesongo, nagonga majiko. Macho yamepungua kidogo, mkono bado.

Jumapili ile uliponipigia uliniambia mambo mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza, yule kijana wa huko kazini kwenu Mwanza, aliyetaka kuja kujitambulisha, umemkatalia, kwa sababu alikueleza jambo lilelile mara mbili kwa maneno tofauti. Ukasema mtu wa namna hiyo unamjua, Faraji alishakufundisha. La pili, ukauliza kama lile boksi la kompyuta bado lipo, ukasema nilikate nitengenezee majiko. Ukacheka, na mimi nikacheka. Baada ya hapo nilikaa na simu mkononi mpaka mama yako akaniuliza nani amekufa.

Barua hii inahusu hayo mawili, maana kwangu ni jambo moja. Naiandika wazi. Kabla ya kuikabidhi kwenye basi nitaisoma mbele ya mjomba wako na wote waliokaa mkekani siku ile, kwa kuwa kosa langu nililifanya mbele yao. Nimeshawaita, Ijumaa baada ya swala. Mjomba wako ameuliza kama nataka kugawa mali. Nimemwambia mali yenyewe ni nyundo tatu na fuawe, asiwe na haraka.

Unakumbuka ulivyolileta lile boksi. Ulikuwa umemaliza chuo, kuna ofisi ilikuwa inaondoa vitu vyake vya zamani, nawe ukajipatia hiyo kompyuta yenye jina kubwa mbele kwa herufi za fedha. Ulilifuta vumbi jina lile kila asubuhi kama mtu anayefuta picha ya babu yake. Ikafanya kazi miezi minne, ikafa. Faraji, aliyekuwa na meza ya ufundi karibu na soko na ambaye wote tulijifanya hatujui kwamba ni mchumba wako, akakueleza tatizo. Bodi ya ndani imeungua na ya namna ile haipatikani. Bodi za kawaida zipo, ila boksi lile halizipokei. Matundu ya nyuma yamekatwa kwa ajili ya bodi yake tu, vinundu vya ndani vya kuishikia bodi vimepangwa kwa ajili yake tu, hata kitufe cha kuwashia kina plagi yake peke yake. Ama utafute boksi jingine, ama hili lirekebishwe. Wewe ukamjibu kwamba baba yako ni fundi bati. Maneno hayo alinifikishia Faraji mwenyewe, na sitakuficha, kichwa kilivimba.

Tulifanya kazi ile jioni tano. Nazikumbuka vizuri kuliko mambo mengi niliyoyafanya kwa miaka. Ulikata kadibodi ya ukubwa wa bodi, ukaitoboa palipo na matundu, ukachora kila kitu kwa kalamu. Mimi nimezoea kupima kwa shubiri na jicho, nikakucheka, nawe ukaniambia ndiyo maana vifuniko vya majiko yangu vinahitaji kubembelezwa. Siku ya kukata nyuma ulikanyaga bati kwa mguu, mimi nikapiga tindo, kisha tukapokezana tupa mpaka ukingo ukawa laini. Nilikuambia kwa mikono ile ungezaliwa mvulana. Ukasema mvulana angekuwa ameshatoroka. Mahali pa kitufe cha kuwashia tuliweka swichi ya kengele ya mlango, ile nyeupe ya duara, na ulipoibonyeza mara ya kwanza kujaribu uliuliza, "Sasa mtu akibisha hodi, nani atafungua?" Nilicheka mpaka nikaweka nyundo chini.

Vikabaki vile vinundu. Namweleza na mjomba wako ili asije akapotea. Ndani ya boksi, kwenye bati la ubavuni, kulikuwa na vinundu vilivyopigwa kiwandani, vimeinuka kama ncha ya kidole. Bodi hukaa juu yake, isiguse bati. Ulivizungushia wino mwekundu vile visivyokutana na matundu ya bodi mpya aliyokupa Faraji, hivyo ndivyo vya kupondwa. Vilivyokutana ungeviacha, na penye upungufu Faraji angeleta vijiguu vidogo vya shaba. Ukaniambia, "Baba, hapa tusubiri nirudi." Ukaondoka na mama yako kwenda kwa bibi kuvuna, siku tatu.

Sikusubiri. Nilitaka urudi ukute imekwisha, ubonyeze tu kengele. Lile duka la kuchapisha kadi ulikoahidiwa kazi walikuwa wamekuambia mwanzo wa mwezi uwe na mashine yako, la sivyo wanachukua mwingine, na mwezi ulikuwa umebaki siku nne. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka sifa.

Nilianza na vile vya wino mwekundu. Vikalala vizuri. Kisha nikapitisha kiganja, na vile vilivyobaki vikanikera. Aliyenifundisha kazi hii alikuwa anakagua bati kwa kiganja, akikuta kinundu anakurudishia kazi. Miaka thelathini nimenyoosha mabati ya watu. Nikaona hivi vingine navyo ni uchafu tu wa kiwandani, nikavilaza vyote. Vile vijiguu vya shaba vya Faraji nikaviona ni mapambo. Kwetu kitu kikikazwa bapa kwa bapa ndipo hakichezi. Nikatoboa bati, nikaikaza bodi juu yake kwa skrubu sita, imara kabisa. Mtu angeweza kuikalia.

Uliporudi uliniangalia, ukaliangalia boksi, ukasema, "Baba, umeiweza." Ukachomeka waya, ukabonyeza kengele. Ikalia *ta*, mara moja, kikafuata kimoshi na harufu ile. Ulichomoa waya, ukaniomba niitoe bodi umpelekee Faraji, ukaenda kukaa kwa mama yako jikoni. Niliitoa peke yangu. Kwa hiyo hukuona kilichokuwa chini yake.

Faraji alikuambia bodi aliijaribu siku mbili mezani kwake na ilikuwa nzima. Akaapa. Kesho yake akaja kibandani kuliona boksi. Akaniamkia, nikamwitikia. Alifungua kifuniko, akaigeuza ile bodi iliyoungua, upande wa chini umejaa vitone vya lehemu, mamia, kila kimoja na kazi yake. Kisha akapitisha kiganja kwenye bati. Polepole, kama mwalimu wangu. Bati lilikuwa limenyooka, hakuna kilichokwaruza. Akaniangalia.

Mimi si mtu wa kompyuta, Zuhura, lakini chuma nakijua, na umeme ukigusa chuma najua unakwenda wapi. Nilielewa palepale. Hakuna aliyenieleza na sikuhitaji kuelezwa. Nilishika tupa nikaanza kunoa kitu ambacho hakikuwa na haja ya kunolewa. Yeye akafunga kifuniko, akasema, "Nimeona, mzee," akaondoka.

Akaja kwako akakuambia huenda ile bodi ilikuwa mbovu tangu mwanzo, umvumilie akutafutie nyingine. Jana ameapa ni nzima, leo anasema mbovu. Hapo ndipo ulipomwita mtu wa ndimi mbili. Duka lilimchukua mwingine. Ulikuja kibandani ukalia mbele yangu, ukasema bora ajulikane mapema, na mimi nikakupa leso. Leso, mwanangu. Nilikuwa na neno la kukupa nikakupa leso.

Barua yake ya posa ilikuwa kwa mjomba wako tangu mfungo uishe. Tukakaa mkekani, mjomba wako, wazee wawili wa upande wenu, mama yako nyuma ya pazia. Mjomba wako akasema anayempa mchumba kitu kibovu na kuapa ni kizima, mke atampa nini? Akasema barua irudi pamoja na kishika uchumba chake. Kabla ya kufunga akanigeukia kwa heshima tu, akauliza, "Shemeji, wewe una neno?"

Nikasema, "Mtoto ni wenu."

Wote wakatikisa kichwa kwamba nimenena kiungwana. Na kweli ndivyo ilivyo kwetu Waluguru, mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, mjomba ndiye msemaji, baba mwenye adabu hukaa pembeni. Mila hiyo sijawahi kuipenda sana. Ulipozaliwa nilibishana na mjomba wako hata juu ya jina. Ulipotaka kwenda chuo nilisema kabla yake. Siku ile moja tu ndiyo niliyoikumbuka mila, nikajifunika nayo gubigubi.

Ukaenda Mwanza kwa shangazi yako. Ulipokuwa unaniaga uliniambia kwamba katika watu wote, ni mimi peke yangu ambaye sikukulaumu. Miaka sita unanipigia kila Jumapili na kunipenda kwa sababu ambayo si ya kweli. Naona haya. Nimekuwa nikijiambia ni jambo lililopita, Faraji ameoa, wewe una kazi yako nzuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikadhani maradhi yangu yamepona yenyewe. Kumbe nilikuambukiza wewe. Umemkataa mtu kwa funzo ulilolipata kwa Faraji, na funzo lile nimelitengeneza mimi kwa nyundo ya mbao. Huyo kijana wa Mwanza simjui. Huenda ni mwongo kweli. Mpime kwa mambo yake mwenyewe.

Nililitoa boksi uvunguni nilikate kama ulivyosema. Nikaweka mkasi kwenye ukingo tuliousugua kwa tupa, mkono ukakataa. Nikalifunga kwenye mfuko wa saruji, nikaenda nalo Kihonda, ndiko Faraji alikohamishia kazi. Ana duka la maana siku hizi, ana mke na watoto wawili, mkubwa amepewa jina la mama yake. Akaniamkia, akanipa kiti. Nikamwambia nimekuja kusema lile ambalo sikulisema, nikalisema lote kuanzia wino mwekundu. Alinisikiliza huku amekunja mikono. Nikamuuliza mbona hakunitaja, neno moja tu lingemwokoa.

"Nilidhani utasema mwenyewe, mzee," akaniambia. "Nilikuwa nakusubiri."

Nikamuuliza alisubiri mpaka lini. Akasema mpaka barua yake iliporudi.

Hakunifukuza. Aliliinamia boksi, akacheka alipoiona swichi ya kengele, kisha akatoa bodi ya kawaida aliyokuwa nayo na vijiguu vya shaba. Tulifanya kazi siku mbili. Safari hii alipima yeye, mimi nikatoboa alipoonyesha, sikuzidisha hata tundu moja. Bodi imekaa juu, kipande cha kadibodi kinapita chini yake bila kugusa. Tulipobonyeza, feni ikazunguka. Ukilifungua utaona pembeni, chini kushoto, kinundu kimoja ambacho nimekiacha bapa vilevile nilivyokiponda. Hakihitajiki na bodi hii. Nimekizungushia wino mwekundu.

Boksi linakuja kwa basi la Jumamosi pamoja na barua hii. Ukiona halikufai, huko Mwanza hawakosekani mafundi wa majiko.

Sikuombi unisamehe kwa barua, ni kujirahisishia. Nilimwomba Faraji ruhusa ya kuandika jina lake, maana sasa ni mume wa mtu. Akasema niandike, mke wake anayajua yote. Akaniomba kitu kimoja tu nikufikishie, na ndicho alichokuwa ananisubiri mimi nikiseme siku zile. Ile bodi ilikuwa nzima. Aliijaribu siku mbili mezani kwake na ilikuwa nzima.

Jumapili nitakuwa na simu mkononi. Ukianza na shikamoo, nitaitikia. Usipoanza nayo, nitasikiliza hivyohivyo.

Ni mimi,
baba yako.