Nyasi za Nyuma ya Nyumba Hazitachomwa

Mpendwa mke wangu, Mama Kalonda,

Naomba radhi kukusumbua huko ulikopumzika. Ninalo jambo ambalo sipendi ulisikie kwa mtu mwingine kabla yangu.

Unakikumbuka kiangazi chetu cha mwisho. Nilikuwa msimamizi wa Salongo hapa mtaani kwetu Alunguli, na kila Jumamosi, watu walipojitokeza kwa kazi ile ya lazima ya usafi, mimi ndiye niliyewapanga. Nyasi za nyuma ya nyumba tulizichoma, kwa kuwa moto ulikuwa mwepesi kuliko panga, na wakubwa walipenda kuona weusi safi kabla ya saa nne. Panya wa porini walitoka motoni wakakimbilia nyufa za kuta zetu za udongo. Wewe uliwaona. Ulisimama mlangoni, ufagio mkononi, ukacheka.

"Baba Kalonda, umeniletea wageni mingi hivi! Nitawapikia nini?"

Nilikujibu kwamba mtaa sasa ni safi. Unisamehe jibu hilo.

Kisha homa ikakushika. Ilikuacha siku kadhaa, ukatwanga majani ya sombe, ukaimba, nasi tukashukuru, ikarudi. Muuguzi wa zahanati alipoipima damu yako alitueleza kwamba ni homa ya papasi: papasi wa sakafuni humnyonya panya mgonjwa, halafu humnyonya mtu aliyelala mkekani. Ulinitazama bila kunilaumu. "Usichome tena," ulisema, basi. Iliporudi mara ya tatu, ilikuchukua.

Juma hili mkubwa mpya wa mtaa ametangaza moto. Nilimwendea nimefunga vifungo vyote vya koti langu la abacost, nikamwomba kwa heshima tuzibe kwanza mashimo ya panya, tukandike sakafu upya, kisha tufyeke kwa mapanga, tukianzia kwenye kuta kuelekea porini. Alicheka mbele ya vijana wa chama, akaniita raia kwa Kifaransa cha chama.

"Sitwayeni muzee, weye unakatala Salongo juu ya panya?"

"Moto njo ninakatala, mukubwa. Panga yangu iko hapa."

"Nitakufungia mu kasho!"

"Unisamehe, mukubwa. Nitaingia."

Sikulelewa kumjibu mkubwa namna hiyo, wala sijutii. Nyumba inayopakana na yetu ni ya Bi Zaina, unamjua, na sasa ana mtoto ambaye hajatimiza siku arobaini. Wanalala chini, kama tulivyolala sisi. Nilinyamaza mara moja kwa ajili ya sifa ya usafi, nikakupoteza. Sitanyamaza mara ya pili.

Leo ni Jumamosi. Nimeweka kiti katikati ya nyasi, nami nakuandikia nikiwa nimekikalia, karatasi juu ya goti. Vijana wanne wameshika viberiti na kutazamana. Mkubwa ameniamuru mara mbili niondoke. Mara zote mbili nimemsalimu. Nyuma yangu nasikia panga likikata. Bi Zaina ameanzia ukutani kwake, mtoto mgongoni.

"Mukubwa, kuya ufyeke!" anamwita. "Jua inapanda, na weye umesimama tu!"

Kijana mmoja amecheka. Sasa ametia kiberiti mfukoni, anaomba panga.

Wale watatu bado hawajaamua. Wakitaka kuwasha, sharti wanibebe kwanza, na wewe unajua, mke wangu, jinsi nilivyo mzito.

Pumzika kwa amani. Mimi bado nina kazi.

Mumeo,
Baba Kalonda