Sarafu ya Kwenye Kibla

Hurumzi, Unguja
Ijumaa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na jicho ulilopasuliwa limeanza kukupa nuru. Shangazi kaniambia bado mnagombana kwa kile kitambaa cha jicho, nikajua basi hujambo. Sisi huku miili haijambo, roho ndiyo haijatulia. Nakuandikia kwa sababu kila nikikupigia na kuanza habari ya sarafu, unaniambia mtandao mbaya, kisha simu inakatika. Kaka Mujtaba anakuja huko Dar kwa boti ya asubuhi, na karatasi haina mtandao.

Kamati inakaa Jumatatu. Unajua lililopo: ikiridhika kwamba ule msikiti wa kale kijijini kwao marehemu mama ulijengwa kabla ya Waomani kututawala, kiwanja hakiguswi. Isiporidhika, kampuni ya hoteli itapewa, na makaburi yaliyouzunguka yatahamishwa, la mama likiwamo. Usingizi wenyewe sina, nakwambia kweli.

Mjomba Mcha alipoiona ile sarafu imenasa kwenye chokaa ya kibla, kijiji kizima kilishangilia. Akaibandua pamoja na bonge la chokaa, na kwa furaha yake akaipeleka kwanza kwenye kamati. Wakaipiga picha, picha ikaingia kwenye jalada, ndipo akaniletea mimi kazini, makumbusho, niisome. Laiti angeanza kwangu. Alikaa mbele yangu kanzu imemlowa jasho, akasema niandike tu kuwa ina miaka elfu, maana pesa yenye tundu la mraba ni ya Wachina wa kale, kwani nani asiyejua.

Ndivyo mnavyodhani nyote. Lakini tundu halisemi kitu, baba. Wachina wametengeneza pesa za tundu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, mpaka juzi juzi hapa. Kinachosema ni maandishi. Niliisafisha kwa maji, nikausoma uso wake, juu, chini, kulia, kushoto, nikapata jina la enzi ya Qianlong, mfalme wa miaka ya elfu moja mia saba na kitu. Nikaigeuza nikimwomba Mungu niwe nimekosea. Zile za kale kweli, mgongo wake aghalabu mtupu. Hii ilikuwa na herufi za Kimanchu, lugha ya ukoo wa huyo mfalme, pande mbili za tundu, na zile za kulia zikataja karakana ilikotengenezwa: Yunnan, bara huko Uchina, mbali kabisa na pwani. Basi sikuwa nimekosea.

Umeliona balaa lake? Wataalamu waliozipima kuta wanakisia miaka mia sita. Bila ya sarafu hoja tulikuwa nayo. Sasa wakili wa kampuni ameishika ile picha, na nshasikia anachosema: ikiwa sarafu ya Qianlong ilijengewa ndani ya kibla, basi msikiti hauwezi kuwa mkongwe kuliko sarafu, na enzi hiyo Waomani walikuwa wameshatawala hapa. Aliyeitia pale alitaka kuuongezea msikiti umri, akaupunguzia.

Ndiyo, nimesema aliyeitia. Lile bonge la chokaa nimelivunja, ndani mna saruji, ile ya kijivu ya dukani. Na kwenye pembe ya tundu pana doa jekundu la rangi ya kucha. Hukuliona kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mama ndiye aliyekuwa akizitia doa zile sarafu za kale asizotaka uziuze dukani kwako. Na wewe ulikwenda kuzuru kaburi lake siku moja tu kabla mjomba hajaiona.

Najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa unalipigania kaburi la mkeo, na hilo linaniliza. Lakini hasira nnayo pia, siifichi. Saruji itajulikana tu, na wakiuliza nani kaitia, watamtazama aliyeiokota, Mjomba Mcha maskini. Kisha watasema kijiji kizima ni waongo. La kutuokoa ni mtu mmoja asimame aseme niliibandika mimi, siku fulani, kwa mkono wangu, ili sarafu itolewe kwenye kesi na zibaki kuta peke yake. Nimemwambia Mujtaba akukatie tikiti ya Jumapili. Shangazi atanuna, mwache anune. Usipokuja, nitasimama mimi nikutaje: Baqir wa Hurumzi, baba yangu mzazi. Wallahi nitakutaja, ingawa sijui baadaye nitakutazama vipi.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumbani. Majirani hapa kila siku wanakuulizia. Mjomba Mcha anakusalimu sana, na anakuombea dua kila baada ya sala, anasema ile ziara yako kaburini ndiyo iliyoleta baraka hata sarafu ikaonekana. Nilimwitikia amina, baba, nikakosa pa kuuficha uso wangu.

Mwanao,
Insiya