Saa Nane ya Nani

Mjukuu wangu Salma,

Asalaam alaykum, na baridi ya huko Uingereza isikuonee. Sie wazima, babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza: kozi uliyoiacha ndiyo sasa yenye kazi, jee, uliamua bila ya akili?

Miaka ya tisini, mimi na jirani yangu Zuwena tuliitwa kwenye usaili, kiwanda cha nguo Rusayl, hapa hapa Omani. Kazi ilikuwa moja, kwa hivyo kila mmoja alifanya siri. Karani alinambia kwa simu, kwa Kiarabu, “thamania.” Nikasikia nane, na nane yetu sisi ni mchana. Zuwena aliuliza mara mbili, akajua nane ya Waarabu ni saa mbili yetu ya asubuhi. Akatoka Al Khoudh mapema, mvua ikamkuta njiani, wadi, lile bonde kavu, likajaa maji, barabara ikakatika. Akarudi nyumbani. Meneja naye alikwama. Maji yaliposhuka mchana, alinikuta mimi mlangoni, nguo kavu, nanukia udi. Kazi nikapewa.

Mtaani nikasifiwa akili. Zuwena akaitwa mjinga. Nami sikumwambia mtu kuwa nilikosea saa. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani nilijiuliza, na hata leo najiuliza: siku ile aliyetumia akili ni nani?

Basi usinambie kozi imekuwaje. Nambie ulipoamua ulikuwa unajua nini, na ulimuuliza nani.

Zuwena anakusalimu. Baadaye nilikuja kumwambia kweli. Nikimwalika chai, mpaka leo huniuliza: “Saa ngapi, ya nani?”

Bibi yako,
Bi Thuraya